Nyuzi Zinazoishia Chumba Namba Tisa

Mwezi wa tano, mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza kulowesha ngazi za nyumba, Latsamy alisimamisha kitanda chake cha kufumia saa tatu asubuhi, akamwambia dada yake kwamba wamemhamisha rafu.

"Wamekupeleka wapi?" aliuliza Bouavone. Alikuwa anatwanga pilipili na hakuinua kichwa.

"Chini, karibu na mlango. Kuna kaupepo."

"Afadhali. Kule juu kila siku ulikuwa joto, joto."

"Na nimepata jirani. Tumbo la mwanamume wa Attapeu, kule kusini. Mtu mpole."

"Ana mke?"

"Dada, ni tumbo."

Aliyehamishwa rafu hakuwa Latsamy mzima. Latsamy mzima, mwenye miaka arobaini na minne na mikono ya kufuma hariri isiyo na mpinzani katika mji wetu wa Muang Keo, alikuwa amekaa pale pale chini ya nyumba yao ya nguzo, miguu kwenye kanyagio. Kilichokuwa rafuni ni uvimbe wake, mdogo kama kokwa ya tunda la longani, ambao Daktari Somvang wa hospitali ya mkoa aliutoa kwenye titi la kushoto miezi kumi na minne iliyopita na kuutia kwenye kichupa chenye dawa kali ya kuhifadhia.

Sisi watu wa huku tunajua kwamba mtu ana roho thelathini na mbili, kila kiungo na yake. Mtoto akianguka kwenye ngazi, au mtu akirudi safari ndefu, tunaziita roho zilizotawanyika na kuzifunga kwa uzi mweupe wa pamba kwenye kifundo cha mkono. Sasa nyama ikikatwa ikapelekwa mji mkuu peke yake, kwenye sanduku, chini ya mizigo ya basi, roho yake itajuaje njia ya kurudi? Bouavone alilifikiria jambo hilo mapema, kama walivyolifikiria wengine kabla yake. Siku ya upasuaji alichukua uzi mrefu, akafunga ncha moja kwenye mkono wa mdogo wake na ncha ya pili kwenye shingo ya kichupa. Hospitali ilipiga marufuku mtindo huo zamani, ikashindwa, na mwishowe ikaongeza mstari mmoja kwenye fomu: uzi usifunike jina la mgonjwa.

Basi lilipoondoka, uzi ulifuata. Ulirefuka kadiri basi lilivyokwenda, haukukatika, na wala haukuisha, na yote yaliyokipata kichupa yalimfikia Latsamy kupitia uzi huo huo. Wenye pikipiki walizoea kuinama. Mbayuwayu walizoea kukaa juu yake. Watu wa umeme walilalamika, kisha wakaziinua nyuzi zote za mkoa kwenye nguzo zao, chini kidogo ya nyaya, na Latsamy akawa anaanika mafungu yake ya hariri kwenye sehemu iliyopita uani.

Lakini basi lenyewe halikuondoka siku ya upasuaji. Hapo ndipo hasira inaponipanda. Katika mkoa wetu hakuna mtu wa kusoma nyama. Daktari wa patholojia, yule anayekata kipande chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, akakitazama kwenye hadubini na kusema huu ni ugonjwa gani, hayupo katika mkoa wetu, wala mkoa wa jirani, wala ule unaofuata. Vichupa hupelekwa mji mkuu, na ili kupunguza safari, sanduku haliondoki mpaka litimie vichupa thelathini. Cha Latsamy kilikuwa cha kumi na moja. Kilikaa miezi minne kwenye maabara ya mkoa kikisubiri wenzake kumi na tisa waugue, kisha kikasafiri, kisha kikala kalenda miezi kumi kwenye rafu ya huko.

Daktari Somvang alikuwa amesema wazi tangu mwanzo. Bila karatasi ya majibu hakati titi, hatoi dawa, na hospitali kuu haimpi mgonjwa kitanda. Kama si saratani, Latsamy aende zake akafume. Kama ni saratani, na imewahiwa, atapona. Aliyasema hayo kwa upole, ni kijana mpole. Wiki baada ya wiki Bouavone alikwenda kuuliza, na wiki baada ya wiki aliambiwa bado.

Mwezi ule wa tano Latsamy alianza kuamka kitandani kwa kujishikilia ukutani. Maumivu yalikuwa mgongoni, chini kidogo ya mbavu. Alisema ni kufuma. Bouavone alimtazama akiinama kuokota kigurudumu cha uzi, akaona amekiacha pale pale chini na kujifanya hakukitaka. Jioni hiyo hiyo alifunga wali wa kunata kwenye kikapu, samaki wa kukausha, na pilipili yake ya kutwanga.

"Naufuata uzi," alisema.

"Utafuata mpaka wapi?"

"Mpaka uishie."

"Ukifika, niambie huko nje ya mlango kuna nini," alisema Latsamy. "Kuna mtu anakohoa kila asubuhi, mimi na jirani tunabishana kama ni mwanamume au mwanamke."

Safari ilichukua saa kumi na tano. Bouavone alikaa dirishani, na uzi wa mdogo wake ulikwenda sambamba na basi, mwembamba, mweupe, ukipanda na kushuka nguzo kwa nguzo. Kila mji waliopita nyuzi ziliongezeka. Kwenye njia panda ya pili zilikuwa unene wa mkono. Walipokaribia mji mkuu zilikuwa kama mkeka juu ya barabara, na zilipotandazwa hivyo kondakta alizima kiyoyozi kwa sababu kulikuwa na kivuli. Abiria walilala. Mwanamke mmoja aliyeketi mbele alikuwa na uzi shingoni, kwa kuwa kilichokatwa kwake kilikuwa tezi, naye alikula mayai ya kuchoma mfululizo mpaka wakafika.

Kwenye lango la hospitali kuu mlinzi alikitazama kikapu chake.

"Wa nyuzi?"

"Wa nyuzi."

"Nenda geti la nyuma, ghorofa ya pili, chumba namba tisa. Usizikanyage na usivute. Juzi kuna mama alivuta, akaangusha mapafu ya watu sita."

Nyuzi ziliingia chumba namba tisa kwa dirisha ambalo halikuwa limefungwa kwa miaka mingi, kwa kuwa halikufungika. Mvua ilikuwa ikipita humo humo, na ndoo ilikuwa imewekwa. Kutoka dirishani zilitawanyika kwenye rafu zilizofika darini, na kila moja iliishia kwenye shingo ya kichupa. Mlangoni mzee mmoja wa usafi, mwanamke aitwaye Mama Toun, alikuwa anakohoa. Bouavone aliliweka hilo moyoni ili akawaamulie wabishi.

Katikati ya chumba, kwenye meza yenye hadubini moja, alikaa Daktari Manichanh akila wali kwa vidole vya mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Alikuwa na miaka sitini na saba. Alikuwa amestaafu mara mbili. Mara zote mbili alifanyiwa sherehe, akapewa saa ya ukutani, na Jumatatu iliyofuata akapigiwa simu arudi kazini. Saa zote mbili zilikuwa zimetundikwa nyuma yake, zikipishana dakika ishirini, na hakuwahi kupata nafasi ya kuzipatanisha.

Kwa mujibu wa makaratasi, chumba namba tisa kilikuwa na madaktari watatu. Mmoja alikuwa masomoni ng'ambo, mwaka wa sita sasa, na ilisemekana ameoa huko huko. Wa pili alipandishwa cheo akawa mtu wa mikutano. Vijana hawaitaki kazi hiyo, na mimi siwalaumu kwa hasira yangu yote. Msoma nyama haonani na mgonjwa. Hakuna anayemletea kuku wakati wa mwaka mpya, na hawezi kufungua kliniki ya jioni nyumbani kwake. Hata akiokoa watu mia, hakuna hata mmoja anayemjua kwa sura.

"Shikamoo daktari," alisema Bouavone. "Nimemfuata mdogo wangu."

"Marahaba, dada. Yupo rafu gani?"

"Chini, karibu na mlango. Walimhamisha majuzi."

"Mchwa walikula rafu ya juu. Namba?"

Bouavone aliitaja namba. Daktari Manichanh alifungua daftari, akahesabu kwa ncha ya kalamu, akafunga.

"Mwezi wa kwanza," alisema. "Mwakani."

"Daktari, ana maumivu ya mgongo."

"Wenye maumivu ya mgongo wako mia mbili humu ndani. Mashine yangu ya kugandishia nyama kwenye nta inachukua vipande sita kwa siku. Kulikuwa na mbili. Ya pili inasubiri kifaa, na kifaa kipo forodhani, na watu wa forodha wanasubiri barua." Alifuta vidole. "Mimi sikatai, dada. Mimi nahesabu."

Ukutani, chini ya zile saa, palikuwa na taarifa ya mwaka iliyowekewa fremu. Ilisema kwamba chumba namba tisa kilikamilisha kazi elfu mbili na mia tatu, na kuvuka lengo. Bouavone aliisoma mara mbili.

"Hizi zote umesoma wewe?"

"Nimesoma elfu moja na mia tatu. Zilizobaki zilijikamilisha."

Bouavone hakuelewa mpaka alipomwona Mama Toun akifagia. Mgonjwa akifariki, huko aliko, uzi wake hulegea na kudondoka, tangu kijijini hadi mji mkuu, kama tambi iliyoiva. Kila asubuhi Mama Toun alifagia zilizodondoka, akazizungusha mabonge, akachukua vichupa vyake na kuvipeleka rafu ya nyuma, na karani akaandika kwenye daftari kwamba kazi imekamilika. Foleni ilipungua kwa namna hiyo. Wakubwa walipokuja kukagua walipongeza.

Bouavone hakuondoka. Alikaa kwenye kiti cha Mama Toun tangu asubuhi mpaka watu walipokwenda kula, na walipotoka kula alikuwa bado yupo. Hakulia wala hakupiga kelele. Saa nane mchana alifungua kikapu chake, akaweka pilipili yake mezani, karibu na wali wa daktari uliokuwa umekauka.

Daktari Manichanh alichovya, akala.

"Umetia nini humu?"

"Samaki wa kuvunda, wa mwaka wa tatu."

"Mama yangu alikuwa anatengeneza hivi." Akala tena. Kisha akasema bila kumtazama, "Vya kesho nimeshavipanga. Ni sita. Nikiweka cha mdogo wako, kuna cha mtu nakitoa."

"Kinarudi siku inayofuata?"

"Siku inayofuata imejaa. Kinarudi mwisho wa mstari."

"Ni cha nani?"

"Unataka kujua kweli?"

Bouavone alifikiri. Nje mvua ilikuwa imeanza tena, na nyuzi zilikuwa zinatoa matone kwenye ndoo, moja baada ya lingine.

"Hapana," alisema.

"Basi."

Daktari alichukua kichupa cha sita kwenye sinia, akakipeleka kwenye rafu, jina limegeukia ukutani, na mahali pake akaweka cha Latsamy. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kifungo. Nasema wazi kwamba mimi ningefanya vivyo hivyo, na wewe unayesoma pia. Na aliyetupanga hivyo, kwamba dada mwema lazima amwondoe mtu asiyemjua kwa pilipili ya kutwanga, alikuwa siku hiyo kwenye mkutano mahali penye kiyoyozi.

Bouavone alilala kwenye veranda ya wagonjwa na kurudi kesho yake asubuhi. Alitazama nyama ya mdogo wake ikiingizwa kwenye nta. Saa sita na nusu mchana, daktari akiwa ameinamia hadubini, uzi mmoja wa rafu ya chini ulitikisika mara mbili, ukalegea, ukadondoka. Ulianguka taratibu kwa sababu ulikuwa umetoka mbali, kusini kabisa, na ulichukua karibu nusu saa kumalizika kuingia dirishani.

Mama Toun alikwenda na ufagio. Alikigeuza kile kichupa kilichokuwa kimetazama ukuta, akasoma jina kwa sauti kwa ajili ya karani. Inpeng, mgema wa mpira, Attapeu. Tumbo.

"Hamkisomi?" aliuliza Bouavone. "Sasa hivi. Kipo hapa."

"Uzi ukidondoka hatusomi," alisema daktari bila kuondoa jicho. "Nyuzi zilizo juu ni elfu nne."

"Watu wake watamzika hawajui kilichomuua."

"Ndiyo."

"Kama angesomwa leo?"

"Angekufa leo vile vile. Ila kungekuwa na neno la kuwaambia watoto wake, kama wanatakiwa kupimwa au hawatakiwi." Daktari aliinua kichwa. Jicho lake la kulia lilikuwa na alama ya duara. "Hukutaka kujua, dada. Ulifanya vizuri. Mimi nalazimika kujua kila siku."

Siku ya tatu karatasi ilikuwa tayari. Daktari Manichanh aliisoma kwa sauti, kwa maneno ya kawaida, jambo ambalo hakuwa na muda wa kumfanyia mtu yeyote na alilifanya kwa sababu ya pilipili. Ni saratani. Ni ndogo, hatua ya kwanza, aina isiyo na haraka na inayosikia dawa. Upande mmoja imegusa kingo za kilichokatwa, kwa hiyo imebaki kidogo ndani. Inashauriwa titi litolewe mapema.

"Ni habari nzuri," alisema Bouavone, na machozi yakamtoka.

"Ni habari nzuri sana," alisema daktari. "Ya mwezi wa tatu mwaka jana."

"Na leo?"

"Mimi sisomi leo. Nasoma kilichomo kwenye chupa."

Akagonga mhuri mara tatu, akasaini, akavuta sinia ya vipande vingine. Bouavone aliuliza kama sasa anaweza kuufungua uzi. Karani alimwambia hapana, kichupa kilichosomwa hutunzwa miaka kumi kwa mujibu wa utaratibu, na uzi ni mali ya kichupa.

Aliporudi Muang Keo alimkuta Latsamy amelala juu ya mkeka kando ya kitanda cha kufumia. Sketi aliyokuwa anaifuma ilikuwa imekwama katikati ya ua la nakshi. Alimpa karatasi, akamweleza, na Latsamy aliisikiliza yote kwa makini kama mtu anayesimuliwa harusi ya jirani.

"Na anayekohoa?"

"Mwanamke."

"Nilijua. Nilimwambia." Latsamy alifumba macho. "Jirani yangu ameondoka, dada. Juzi mchana. Alikuwa na furaha, maana alikuwa amewekwa kwenye sinia. Akavuta uzi kunipa habari, mara tatu, haraka haraka. Baadaye wakamrudisha rafuni, hakujua kwa nini. Akaniuliza mimi. Mimi nitajua wapi?"

Bouavone alikuwa anapanga kikapu, na aliendelea kukipanga kikiwa kimeshapangika.

"Alikuwa mgonjwa sana?" aliuliza.

"Sijui. Na yeye hakujua. Ndicho alichokuwa anasubiri."

Bouavone hakumwambia, siku ile wala siku nyingine yoyote. Ndilo jambo pekee ambalo dada hawa wawili waliwahi kufichana, ukiacha umri wa Bouavone.

Jumatatu walikwenda kwa Daktari Somvang. Latsamy alibebwa kwenye gari la matairi matatu, amelala upande. Daktari alisoma karatasi, uso ukamng'aa. Aliisoma tena kwa ajili ya muuguzi. Kwa muda mrefu hakuwa amepata karatasi iliyowahi namna ile.

"Hatua ya kwanza!" alisema. "Mama, umebahatika. Tunatoa titi Alhamisi, vidonge miaka mitano, basi. Wengi wa hatua hii wanapona."

"Vizuri," alisema Latsamy kutoka kwenye kitanda cha magurudumu. "Na huu mgongo?"

"Mgongo gani?"

"Huu ninaoulalia. Siwezi kukaa wiki ya pili sasa. Na hapa kwenye mbavu kuna kitu, shika."

Daktari alishika. Mkono wake ulikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akarudi kwenye karatasi akaigeuza nyuma, ambako hakukuwa na maandishi.

"Hiki hakimo," alisema.

"Kimo mgongoni mwangu."

"Mama, nakuelewa. Lakini kwa karatasi hii wewe ni hatua ya kwanza. Nikiomba dawa ya hatua ya nne, bohari watauliza imeandikwa wapi. Nikikupeleka hospitali kuu, mlangoni wataiomba karatasi, wataisoma, watakurudisha. Watasema mkoani hawajui kusoma."

"Kwa hiyo mnamtibu nani?"

Daktari Somvang aliikunja karatasi. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na alikuwa amesomea kutibu watu.

"Karatasi hii ni ya mwanamke wa mwaka jana," alisema Latsamy. "Mpeni hongera mkimwona. Alikuwa mfumaji mzuri."

Muuguzi alicheka, kisha akatoka nje. Bouavone alisimama katikati ya chumba, mikono imeshika kikapu kitupu, na hasira aliyokuwa nayo haikuwa na mtu wa kuiangukia. Daktari huyu hakuwa mbaya, na yule wa kule hakuwa mbaya. Hata mlinzi alikuwa mtu mzuri. Alitamani angalau mmoja wao angekuwa mwovu ili amtemee mate arudi nyumbani.

"Tufanyeje?" aliuliza.

"Titi nitalitoa Alhamisi, hilo limeandikwa," alisema Daktari Somvang. "Na siku hiyo hiyo nitachukua kipande kutoka kwenye huu wa mbavuni. Tukipeleke. Kikithibitishwa, hapo nitakuwa na cha kuonyesha."

Ikafanyika hivyo. Alhamisi titi la kushoto la mwanamke wa mwaka jana lilitolewa, kwa ustadi, na kidonda chake kilikuwa safi. Kipande cha mbavuni kilitiwa kwenye kichupa. Bouavone alileta uzi mpya, na Latsamy, aliyekuwa bado na usingizi wa dawa, akatoa mkono wa kulia kwa kuwa wa kushoto ulikuwa umeshatumika. Mtu wa maabara alikiandika kichupa jina, akahakikisha uzi haufuniki maandishi, akakiweka kwenye sanduku.

"Safari hii wako wangapi?" aliuliza Bouavone.

"Wanne, wenu akiwemo."

"Mpaka thelathini."

"Hamsini. Wamebadilisha tangu mwezi uliopita. Masanduku makubwa, safari chache."

Bouavone alihesabu. Walikuwa wanasubiriwa watu arobaini na sita, ambao kwa wakati ule walikuwa majumbani mwao, wazima, wanapanda mpunga, wanagombana na wake zao, wanakula.

Akitoka hospitalini alipita hekaluni. Ilikuwa saa tisa alasiri na watawa walikuwa wanafagia ua. Bouavone alikuwa mwanamke ambaye hakuwahi kumtakia mabaya mtu yeyote wa Muang Keo, hata aliyemdhulumu kiwanja. Alinunua maua na mishumaa miwili, akavua viatu, akapiga magoti sakafuni kati ya wanawake wengine saba waliokuwa wameshafika. Akaomba watu arobaini na sita wa mkoa wetu waugue kabla mwezi haujaisha.

Mwanamke aliyepiga magoti pembeni yake alisogea kidogo kumpisha. Kichupa cha kwao kilikuwa cha tatu sandukuni, naye alikuwa anaomba arobaini na saba.